Bodi Usiyoogopa Kuiunguza

Mjukuu wangu Salim,

Shikamoo yako imenifika, marahaba, baba. Sisi hapa Malindi hatujambo, na dada yako keshajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza, katika hizo bodi mbili za maikrokontrola za kuendeshea vitaa na vijimota vyako, ununue ya rahisi au ya ghali. Mimi fundi wa redio tu, lakini hayo yashanipata.

Nlipokuwa msichana, ami yangu alinletea kutoka Maskati seti nzuri ya vipande vya kuundia redio. Nikaizongazonga kanga, nikaitia kabatini, nsije nkaiharibu. Mwezi huohuo nkanunua sokoni Darajani redio mbovu, kwa bei ya fungu la dagaa. Hiyo nliifungua siku ileile. Nkaunguza transista mbili, moshi ukajaa ukumbini.

"We Zuhura, utatuchomea nyumba!" mama akapiga kelele.

Transista ya tatu nliilehemu polepole, na redio ikasema.

Basi baba, nunua ile ambayo hutoogopa kuiunguza.

Seti ya ami bado imo kabatini, haijaguswa. Mpya kabisa; aliyechakaa ni mimi.

Bibi yako,
Zuhura