Aliugua kwa Muda Mfupi

Mama,

Nina hasira nawe. Wacha niiseme kwanza kabla sijaanza kulia.

Unajua nani aliandika eulogy yako? Wewe mwenyewe. Siku ya pili baada ya wewe kufa, Mjomba Wafula alikuja dukani kwako Kamenu, akawasha kompyuta, akafungua ule ukurasa uliowachapia wafiwa wote wa Thika miaka hii yote. Akatoa jina la marehemu wa mwisho, akaweka lako. "Alikuwa mcheshi, alipenda watu wote, aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi." Muda mfupi! Na mimi nilikuwa nikitoka Ruiru kila Jumamosi kuja kukuosha, na ndugu yako huyo hakukanyaga mlango wako hata mara moja.

Nilimwambia aiondoe hiyo. Akanijibu, "Nekesa, usituletee story za hospitali mbele ya wageni. Eulogy ni ya mazuri." Kinachoniuma ni kwamba maneno hayo aliyatoa kwako.

Unakumbuka nikiwa Form Two nilikuuliza elegy ni nini? Uliacha kuchapa. Ukasema majina yanafanana kama mapacha, lakini eulogy humsifu aliyekwenda, ni ya wageni. Elegy humlilia, ni ya mwenye kufiwa. Halafu ukacheka: "Hiyo ya pili hakuna mteja huagiza. Rudi ukunje programu za mazishi za watu."

Na ile eulogy nikaisoma, Mama. Mimi, mtoto wako wa pekee, nilisimama kando ya kaburi kule Bungoma nikasoma "muda mfupi" kwa sauti nzuri, watu wakaitikia Amina. Mjomba akapangusa macho. Sijajisamehe. Nawe bado sijakusamehe vizuri, maana ulikuwa umekonda hivyo na bado unawaambia wateja, "Ni homa tu." Ulitufundisha sote kutouliza.

Basi hii ndiyo elegy yako, na haijaagizwa na mtu. Nakulilia. Nalilia hata kile kikohozi chako nilichokuwa nikikichukia, kwa sababu kilinijulisha uko chumba cha pili.

Duka nimelifungua tena. Ile sentensi nimeifuta. Leo asubuhi amekuja mama mmoja wa Witeithie aliyefiwa na mumewe, anataka programu mia mbili. Nikamuuliza, "Pole mama. Aliugua kwa muda gani?" Akanitazama, akavuta kiti. Aliongea mpaka chai yake ikapoa, na alichotaka kiandikwe nikakiandika.

Nakuahidi nitamuuliza kila mmoja wao. Na mwaka ukiisha, tukirudi Bungoma kukuwekea msalaba, nitasimama pale pale na Mjomba atanisikia.

Pumzika, Mama. Uliugua miaka miwili na miezi minne, na mimi nilikuwepo.

Nekesa wako