Mbuzi wa Utani

Sharjah, Ijumaa jioni

Kaka Mhina,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, na kwa sababu najua barua unaisoma kwa sauti, mama amekaa mkekani anasikiliza. Basi na wewe mama, shikamoo. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka, au umeshamgawia jirani kama ulivyozoea? Mahindi ya huko Kwaluguru yamebeba, au mvua imewachenga tena? Mimi ni mzima, Mungu ananisitiri, na isingekuwa mambo nitakayoyasema hapa chini nisingekuwa na malalamiko.

Kaka, simu nimeiacha makusudi. Sauti yangu kwenye simu ungeisikiliza peke yako nyuma ya nyumba, ungeifuta, halafu ungeingia ndani na kumwambia mama, "Mwanahawa anawasalimu." Karatasi hii nimempa mwenzangu wa Muheza anayekuja likizo, na nimemwapisha aiweke mkononi mwa mama mwenyewe. Mama macho yake hayaoni tena maandishi, atakuita wewe umsomee, maana nyumba nzima ni wewe mwenye sauti ya mtangazaji. Basi tangaza. Na usiruke mistari, kila ukurasa nimeuandika namba.

Kazi yangu ni ileile, chumba cha kufulia cha hoteli. Siku nzima napitisha shuka kwenye mashine ya kupigia pasi, kubwa kama kitanda cha futi sita, na mvuke wake unanichemsha kama kiazi. Vidole vimebabuka. Msimamizi wetu ni mtu wa kupiga makofi badala ya kuita jina, na ukigeuka anakuuliza kama kwenu mna umeme. Nimemzoea. Mtu mjinga wa ugenini hanisumbui sana, kwa sababu sikula naye sahani moja utotoni.

Ijumaa ndiyo tunapumzika. Chumbani tuko sita, na mwenzetu mmoja wa Uganda, Nakato, ana kompyuta yake amejaza filamu humo. Wiki iliyopita alituwekea moja ya kisasi. Alisema ni kali mno, kwamba tusipige kelele majirani wakaja. Tukafunga pazia, tukabanana vitanda viwili.

Ni habari ya dada mmoja wa kijiji cha milimani, huko kwenye theluji. Siku ya harusi ya watu, wanaume watatu walimvamia nyuma ya ghala. Wazee wa kijiji wakakaa, wakasema vijana walikuwa wamelewa, wakamshauri ahame. Akahama. Baada ya miaka anarudi, tajiri, ana nyumba ya wageni, na wale watatu hawamtambui hata kidogo. Yaani uso waliouharibu wao wenyewe hawaukumbuki! Hapo ndipo anaanza kuwashughulikia.

Nikuambie ukweli, nusu ya kwanza nilicheka mpaka Nakato akanikasirikia. Wa kwanza anatumbukizwa kisimani, wa pili anachomwa moto ndani ya zizi, na damu yote ile ni nyepesi kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Dada mwenyewe anaburuta maiti kwenye theluji kwa viatu vya kisigino, na wanja wake haujakwaruzika! Wenzangu wanashangilia, "Mmalize! Mmalize!" Mimi nawaza, huyu aliyetunga hii hajawahi kuvuta hata gunia la mahindi kutoka shambani mpaka barabarani. Upuuzi mtupu.

Halafu akafikia wa tatu. Huyo hakumuua. Alimfunga kwenye kiti sebuleni kwake, usiku wa baridi ile, na akamleta mama yake mzazi akaketi mbele yake. Mlango wameuacha wazi na theluji inaingia. Akamwambia, sitaki roho yako, nataka umwambie mama yako ulinifanya nini. Yule bwana akaanza. Tulikuwa vijana. Dada anachukua kuni moja kutoka motoni anaitupa nje. Ilikuwa mchezo. Kuni nyingine nje. Mbona alikuwa anacheka na sisi. Nyingine. Moto unafifia, midomo inamgeuka rangi, mama yake amevua shali yake amemfunika mwanawe, analia, na bado lile bwege linatafuta neno jingine, na jingine, kila neno la dunia isipokuwa lile lenyewe.

Hapo kicheko kiliniisha, kaka. Nilikuwa natazama mzungu kwenye theluji na nasikia sauti yako.

Nazungumzia ule ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ulivyostahili. Unasema, tena kwa upole kama mtu anayeagiza chumvi, "Dada, we mpigie Zaina, anakusikia wewe tu. Mwambie apande Kwashemshi kwa mama mdogo, apumzike hukohuko. Siku ya kesi asipoonekana, itajifia yenyewe. Mambo ya utani haya, yasituvunjie undugu."

Utani.

Ngoja niliandike tena nilitazame. Utani. Zaina, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa Korogwe anajifunza kushona, amelala kwa mjomba Sefu kwa sababu sisi tulisema kwa mjomba ni kwao. Rajabu, mtoto wa mjomba, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamwingilia chumbani kwa nguvu, wenye nyumba wakiwa msibani. Na nyinyi watu wazima mkaketi kwenye viti mkatafuta hadi mkaipata hiyo, kwamba ni binamu yake, ni mtani wake, tangu wadogo anamwita "mke wangu" na wote tunacheka, basi safari hii utani ulimzidi. Na ule msemo wenu wa binamu mnaoupenda wanaume, ambao mjomba aliutoa hapohapo kikaoni na baadhi yenu mkatabasamu, sitauandika. Utanichafulia karatasi.

Hivi kaka, utani huujui? Baba alipofariki, si huyuhuyu mjomba Sefu, shemeji yake, aliyevaa koti la marehemu akaingia matangani anachechemea kama baba, akadai chai yenye tangawizi, akamgombeza mama kwa nini imepoa? Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Sote tulicheka. Ule ndio utani, na ulitubeba siku ile. Mtani anakuficha kiatu, anakutangaza uchoyo wako mbele ya wakwe, anakulalia kaburini kwenu mpaka umpe chochote. Anafanya mbele za watu ili watu wacheke. Tangu lini mtani akasubiri nyumba iwe tupu? Tangu lini mtani akapiga komeo mlango? Na aliyetaniwa lini akaenda hospitali?

Lakini nyinyi mmeamua, na mkaamua kwa taratibu zote. Kwa kuwa ni utani uliopita mpaka, basi kuna faini ya utani. Mjomba akaleta beberu. Mkamchinja, mkagawana, wazee wakafuta midomo, na wewe ukatangaza kwamba shauri limeliwa. Na maini mkampa Zaina! Maini, kaka, kama mgeni wa heshima. Aliposema hana njaa ulimwambia asiwe na kiburi mbele ya wazee. Nakuuliza mbele ya mama, wewe ulimeza vipi? Ulipotafuna, ulikuwa unatafuna nini?

Nilikuheshimu sana. Wewe ndiye uliyenivusha mto nikienda shule, na mtu akinisemea vibaya ulikuwa unamfuata hadi kwao. Sasa nakutafuta huyo kaka simwoni. Namwona karani wa mjomba tu, anayetumwa kubembeleza mashahidi.

Na katika huo ujanja wenu hata sheria hamkuuliza. Mnasema Zaina akafute kesi, kama vile ni ubao wa shule. Mwalimu wake wa ushonaji, yule mama aliyempeleka dawati la jinsia pale polisi wakati nyinyi mnanoa visu, aliuliza akaelezwa vizuri. Kesi hiyo ni ya Jamhuri. Jamhuri haikualikwa kwenye mbuzi wenu. Ndiyo maana mkageukia mpango wa Kwashemshi, mmfiche shahidi nyuma ya migomba mpaka hakimu achoke. Wanaume wazima mnamkimbia binti mwenye cherehani.

Mama, sasa naongea na wewe, kaka atakusomea tu. Najua Rajabu ni mtoto wa kaka yako na ulimbeba mgongoni. Najua mjomba alikusaidia baba alipoondoka, na ukimkosa yeye unaona huna kwenu tena. Hayo siyadharau. Lakini Rajabu ulimbeba mgongoni, Zaina ulimbeba tumboni. Hawa wamekuambia kuwa binti yako ametaniwa akanuna. Hawakukuambia zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyepata ulimi wa kukuambia.

Nimalizie ile filamu. Yule bwana moto ulipobaki makaa matupu, akalisema. Akalisema kwa jina lake, mama yake anamtazama machoni. Na yule mama hakupiga kelele. Alisimama, akaichukua ile shali aliyomfunika mwanawe, akaenda kumfunika yule dada. Basi. Baadaye polisi wakafika wakamchukua mwanaume. Nakato alichukia kweli, "Amemwacha hai! Filamu gani hii?" Mimi niliingia bafuni nikafungulia maji, nikampigia Zaina.

Ndiyo, nilimpigia kama ulivyoagiza. Sikumwambia apande Kwashemshi. Nilimuuliza tu, "Mdogo wangu, wewe unataka nini?" Kumbe tangu jambo lile litokee hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kisha akasema, "Dada, nataka kwenda mahakamani. Ila wanasema nikienda mama atakufa kwa aibu." Mama, umesikia unavyotumiwa? Wamekufanya jeneza, wanamtishia nalo.

Nikamwambia mama yetu amezika mume na watoto wawili na bado anapalilia, hatakufa kwa kusikia ukweli. Nikamuuliza atalala wapi. Akaniambia mwalimu wake amempa chumba hapohapo Korogwe, anashona sare za shule, na siku ya kesi watakwenda wote wawili. Kwa hiyo usihangaike kumtafutia gari la kupanda mlimani, kaka. Hapandi. Na nawe nimesikia umeandikwa shahidi, kwa kuwa ndiye uliyemkuta kituo cha mabasi siku aliyokimbia, kanga imechanika, na ukamvika shati lako. Huyo alikuwa ndiye kaka yangu ninayemfahamu. Mbuzi alikuja baadaye.

Salamu zangu mpe wifi, mke wako, ambaye nimesikia alikataa kuipika ile nyama akasema anaumwa kichwa. Mwambie kichwa chake nakiheshimu kuliko vya kikao kizima. Wanao wabusu, hasa yule wa kike, na umtazame vizuri unapombusu. Mama mdogo wa Kwashemshi mwambie nampenda na kwamba nyumba yake si maficho. Shangazi wa Mazingara, anayenidai picha, mwambie nitapiga nikipata gauni lisilo na harufu ya sabuni ya hoteli. Mjomba Sefu usimpe salamu yoyote kutoka kwangu. Akiuliza, mwambie sikumkumbuka.

Zaina simtumii salamu kupitia kwako, tunaongea kila siku. Ila yeye ndiye aliyekutumia wewe kitu. Alisema amejaribu kukuambia mara mbili, na mara zote mbili ulimkatiza ukasema, "Nimeelewa, nimeelewa, usiseme zaidi." Akaniomba nikuandikie kama alivyotamka, bila kupunguza, ili ukisimama kizimbani ukaulizwa uliambiwa nini, uwe na la kujibu. Ni sentensi moja, hii hapa:

"Kaka, Rajabu alinibaka."

Nakujua. Hapo sauti ya mtangazaji imekuishia, umeisoma kwa kumeza mate. Rudia, kaka. Mama hajasikia vizuri.

Mdogo wako aliye mbali ila hajalala,
Mwanahawa