Okidi Mbele ya Bodi

Kongwa

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepata nafuu tangu mvua zikatike. Mimi huku ni mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka. Nakuandikia wewe badala ya baba kwa sababu unajua mwenyewe, kwetu kuna mambo ambayo binti hamfikishii baba yake mpaka yapitie kwa shangazi. Hili ni mojawapo.

Wasichana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wanakariri maneno ya bayolojia kama kasuku, mtihani ukipita yanapeperuka. Nikaanza kuwaeleza kila neno la Kiingereza limetoka wapi. Sehemu ya kike ya ua inaitwa pistil, na kwa Warumi wa kale neno hilo lilikuwa mchi wa kutwangia. Walicheka, maana hakuna ambaye kwao hakuna kinu, na hakuna aliyelisahau tena. Siku moja Tabu, binti mdadisi kuliko wote, akauliza kuhusu ua la orchid, ambalo sisi tunaliita okidi. Nikamwambia kwamba Wagiriki waliling'oa, wakakuta chini viazi viwili vimekaa pamoja, wakaliita korodani. Shangazi, ningemwambia nini kingine?

Wiki haikuisha, nikaitwa mbele ya bodi ya shule. Mjumbe mmoja, Mzee Ernest, ni baba mdogo wa mchumba wangu Zablon. Alisema inakuwaje mkwe wao mtarajiwa anawafundisha watoto matusi. Wakataka niandike barua ya kuomba radhi, nikiri kwamba maana ile niliizua mwenyewe. Hapo nikapandwa na hasira. Nikawauliza madume ya ng'ombe yanahasiwa wapi hapa Kongwa kama si zizini, mchana kweupe, watoto wakishika kamba, na tangu lini mtu akaomba radhi kwa hilo. Nikasema maana ile iko kwenye kamusi, na siwezi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ukweli niliowafundisha ni uongo eti kwa kuwa wazee wameona haya.

Zablon alikuwepo. Nilidhani amekuja kunitetea, na nilifurahi kumwona. Akasimama, akawaomba wazee wanisamehe kwa kuwa bado ni mtoto, kisha akawaahidi kwamba tukishafunga ndoa ataniachisha kazi. Hakuwa ameniuliza hata siku moja. Nilimpenda yule mtu, shangazi, na mpaka leo inaniuma.

Sasa nikueleze lile lililonifanya nishike kalamu. Nilisimama palepale nikamwomba katibu aandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba harusi haipo. Zablon alicheka kidogo, akidhani natania. Nikarudia, na Mzee Ernest akadondosha miwani yake. Barua ya radhi sikuandika na sitaiandika. Wamenipa onyo, na huenda wakanihamisha. Wanihamishe; hata Mpwapwa maua yapo. Kesho yake niliingia darasani kama kawaida, tukaendelea na mada ya mbegu.

Kwa hiyo nakutuma, shangazi yangu. Mwambie baba ng'ombe wa mahari warudi kwa wenyewe, wote, pamoja na ndama aliyezaliwa hapo kwetu Haneti. Najua atamlilia yule mwekundu anayemkamua kila asubuhi. Mwambie namwonea huruma, lakini sibadili neno. Akitaka kunilaani, asubiri nije nimpigie magoti ndipo aamue.

Mpe mama salamu zangu, mwambie sijakonda wala silali njaa. Majirani wakianza maneno, waache waseme, watachoka. Baba naye umpe shikamoo yangu, na akikuuliza ni neno gani hilo lililovunja harusi ya binti yake, usizunguke mbuyu. Mtamkie.

Mwanao mkaidi,

Priska