Nyumba ya Joto kwa Mshipi

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Ngongoti,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama sijasikia. U hali gani huko? Lile jino limekuachia? Unakula, au bado unakunywa chai na mkate jioni kisha unasema umekula? Sisi huku tu wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne inamwachia naye anaanza kunisumbua mimi. Mimi mgongo ni ule ule, cherehani haina huruma.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi, tunasalimiana tu. Nikiishika, mama anasimama mgongoni kwangu kama ananipima gauni, na ukisema neno la pili ameshaninyang'anya. Jambo ulilonitumia mwezi uliopita haliwezi kusemwa hivyo.

Uliandika mistari miwili tu: kwamba kiwanda kimekuongezea mkataba, na kwamba Mshipi nimpe mwalimu wa baiolojia, yule aliyekuwa akimtamani tangu zamani. Nilisoma mara nyingi. Mtu mwenye nia ya kurudi nyumbani hagawi vitu vyake, Ngongoti. Mama sikumwambia. Nilikasirika, nikalia kidogo juu ya suruali ya mteja, kisha nikaenda kumtazama huyo nyoka wako ninayeambiwa nimgawe.

Hali yake ilikuwa mbaya. Baridi imeingia mapema mwaka huu, na kasha lako la kioo lilikuwa palepale chini ya dirisha ulipoliacha. Taa yake iliungua, nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Mshipi alikuwa amejikunja kwenye kona, mwili wa baridi kama kitasa cha mlango asubuhi. Panya niliyempa hakumgusa. Wiki iliyofuata nikampa mwingine, akamgeuzia kisogo.

Mimi na nyoka wapi na wapi, unajua. Siku uliyomleta, mwembamba kama mshipi wa suruali mpaka jina likamganda, nilisema atoke yeye au nitoke mimi. Lakini nilipomwona vile roho iliniuma. Niliona kwamba akinifia mikononi, humu ndani hakitabaki kitu chako chenye uhai.

Nikamwita fundi umeme, yule mwenye kigugumizi aliyekutengenezea redio. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipoapa kwamba kasha limefungwa. Akasema kioo hakitunzi joto. Nitafute sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, chini yake utandikwe mkeka wa joto wa umeme, na kwenye waya kifungwe kidude cha kuuzima joto likizidi na kuuwasha likipungua. Hicho kidude anakiita thamostati. Vitu vya umeme aliniletea yeye. Sanduku ndilo lililonitoa jasho, maana ya madukani yote mifuniko yake inakaa kama kofia ya kuazima.

Humu ndani sanduku lenye vibanio lilikuwa moja tu, lile nililowekea nguo zako. Nililizunguka siku nzima kabla ya kulivuta kutoka uvunguni. Nikatoa shati moja moja. Bado zina harufu yako, ya sabuni na mafuta ya baiskeli, usicheke. Nilikuwa nimezikunja ziwe tayari siku utakapoingia mlangoni. Sasa nimezipiga pasi na kuzitundika chumbani kwako, na mtu akipita haraka anadhani umesimama pale.

Matundu ya hewa nimeyatoboa kwa msumari wa moto nilioushika kwa koleo, kutoka ndani kwenda nje, ili kingo kali zisimkwaruze. Nilipima kwa tepu, nafasi sawasawa kama za vifungo vya shati, mkono wangu haujui kazi nyingine. Chini nimemtandikia karatasi za kukatia mitindo. Hivi sasa analala juu ya kiuno cha gauni la mke wa mwokaji mikate, na nafasi inambaki.

Ila niliboronga. Sisi mafundi nguo tumezoea joto lienee, pasi ikikaa mahali pamoja kitambaa kinaungua. Basi nikautandaza mkeka chini ya sanduku zima, nikalizungushia na blanketi pande zote, nikajisifu. Kesho yake Mshipi alikuwa amejiinua, pua kwenye tundu, anasukuma mfuniko mpaka mdomo umeanza kuchubuka. Nikadhani bado anaona baridi. Nikaongeza joto.

Mama ndiye aliyeona. Tangu umlete hajawahi kulitaja jina lake, humwita mdudu. Siku hiyo aliingia na fimbo yake, akatoa blanketi, akaweka kiganja kwenye plastiki upande huu, akazunguka akaweka upande wa pili. Kisha akaniuliza, "Na akichoka na joto lako, aende wapi?"

Sijui kama alikuwa anasema habari za nyoka peke yake. Mama akishasema hafafanui, lakini macho yake yalikuwa kwenye shati zako.

Nikauvuta mkeka, ukabaki chini ya upande mmoja tu. Ncha ya waya wa kile kidude, ule wa kupimia joto, nikaibandika penyewe palipo na joto, maana fundi alinionya kwamba ikining'inia hewani kidude kitadanganyika. Upande wa joto nimeweka boksi la nyuzi nililolikata mlango, upande wa baridi nimeweka jingine, na bakuli la maji. Sasa anakwenda na kurudi atakavyo. Mdomo umepona. Na mimi siku hizi nasogea karibu bila kushika ukuta.

Nimekukumbuka, Ngongoti. Nimekukumbuka hata kwa yale uliyokuwa ukiniudhi, mlango unaouacha wazi, kijiko ndani ya sukari, miguu yako mirefu inayojaza ukumbi mpaka mtu aruke. Jioni nachukua kazi ya mkono, pindo na vifungo, nakwenda kukaa chumbani kwako karibu na sanduku. Mama naye huja akisema anatafuta miwani, kisha anakaa. Tunamtazama Mshipi anavyotembea, na kila mmoja anajua mwenzake anamfikiria nani.

Ijumaa alikula. Panya niliyemtoa kwenye friza nilimyeyusha barafu kwa maji ya moto, nikamshika kwa koleo huku nimefumba jicho moja, na kabla sijafumbua nikasikia uzito umetoka mkononi. Mama alishuhudia yote mlangoni, hakukimbia. Alichosema ni kwamba angalau huyu anamwona akila.

Mwalimu alipita juzi. Alilisifu sanduku, akauliza aje lini kumchukua. Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu kwa upole kwamba amekosea, mwenye nyoka anarudi mkataba ukiisha. Mwalimu akanitazama. Mimi nikajifanya natunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Sikulazimishi urudi. Kama maisha yako yamekaa huko, kaa, nami nitakuombea heri hata nikilia. Mshipi atakwenda kwa mwalimu na sanduku lake na waya zake, sitamnyima. Lakini mpigie mama, umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia kwa niaba yako, na siwezi kuendelea kumficha. Nimejaribu yote mawili nimeshindwa.

Fundi umeme anakusalimu, kwa kirefu, unamjua. Mwalimu pia. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani, na mama mwenye nyumba, umwambie dada yako anashukuru kwa kila sahani anayokupa. Mungu akulinde kazini, akuepushe na mashine mbovu na watu wabovu, na kila unapolala akupe usingizi.

Mama anakusalimu kuliko wote. Nilipomwambia nakuandikia aliniagiza swali moja, nami naliandika kama alivyolitamka: "Mwulize anafika lini, nianike godoro lake."

Wako akupendaye,
Dada yako.