Kanuni Nimeandika Mimi, Jina ni la Kaka

Mpendwa mshauri Mama Skolastika, naomba msaada wako upesi maana Alhamisi imekaribia. Nina steshenari hapa Manyamanyama, Bunda, natoa fotokopi na kuwatumia watu barua pepe, na yote yalianzia kwa Mzee Kasmiri wa kikundi cha wavuvi kule Kiriba, barua zao zilikuwaga zinakuja kwangu, mimi nazipeleka mbele kwenye ofisi za Musoma na Butiama, sasa kompyuta za huko zikawa zinaona jina la Kasmiri lakini aliyeleta ni mimi, zikasema huyu tapeli, zikazitupa, mzee akakosa semina ya kufuga sato kwenye vizimba, akaja kunifokea mbele ya wateja, "Wewe binti, barua zangu unazipelekaga wapi?"

Iliniuma, mama. Nikatafuta, nikakuta kuna mafundi wa dunia nzima wanaandika pamoja kanuni za kutambua nani kweli katuma barua pepe, na yeyote anaruhusiwa kuchangia, basi nikawaandikia kwamba huku kwetu barua kuletwa na mtu mwingine siyo utapeli, aliyetumwa anasema mimi ni fulani, nimepewa na fulani, bahasha niliikuta imefungwa, kwa hiyo kila kompyuta inayopitisha barua nayo igonge muhuri wake na iseme iliikutaje. Wakanibishia miezi minne! Nikajibu kila swali, wakajaribu, barua zikafika, na wiki iliyopita wamekubali, aya yangu imeingia kwenye kanuni neno kwa neno, nikapiga vigelegele peke yangu dukani mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Shida ni kwamba mimi niliishia kidato cha nne, niliogopa watanidharau, nikatumia jina na anwani ya kaka yangu Muzamil mwenye diploma, yeye mwenyewe aliniruhusu. Sasa wanamtaka Muzamil aieleze aya hiyo Alhamisi kwa video. Kaka anasema ataongea yeye, mimi nikae pembeni nimnong'oneze, na mama anasema nisimwaibishe kaka yangu. Nikisema ukweli si wataifuta aya, barua za mzee zianze kutupwa tena? Jina langu usiliweke.

Mwenye hofu, Bunda

Binti yangu, hongera! Hongera tena! Barua yako nimeisoma nimesimama.

Sasa kaa chini nikuseme. Yaani umezifundisha kompyuta za dunia kuuliza "nani katuma?" halafu wewe mwenyewe umejificha nyuma ya kaka? Loo! Miezi minne ya maswali nani alijibu, ile diploma? Njia ya mwongo ni fupi: Alhamisi wakiuliza swali la pili tu, Muzamil macho yatamtoka, na hapo ndipo hiyo aya itatiliwa shaka kweli.

Kaka yako simwiti mwizi, jina uliliazima mwenyewe. Fanya hivi, na ufanye leo. Fungua anwani yako, waandikie: mwandishi ni mimi, niliogopa, nisameheni. Muzamil naye aandike kutoka kwake: barua zilipita kwangu, aliyeziandika ni dada yangu. Si ndiyo kanuni yako hiyo? Ifuate! Na mama yako mwite dukani Alhamisi, akae akuone ukiongea.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia mapema kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Ijumaa akanipigia simu, nyuma yake kelele tupu. Mafundi wale walicheka, wakabadilisha jina, aya hawakuigusa. Muzamil ndiye aliyemtambulisha, mama yao akashika khanga analia, na Mzee Kasmiri alikuwa amekaa benchi la mbele pale dukani tangu asubuhi. Nikamuuliza binti, je, niendelee kulificha jina lako gazetini?

"Hapana, mama. Sasa liweke."

Basi someni vizuri: ni Raya Hashimu, wa steshenari ya Manyamanyama, Bunda.