Hadithi ya Kaa Aliyeposa kwa Popo

Jumamosi, International City, huku Uarabuni. Nje jua linachoma, na humu ndani nilizima AC kwa hiari yangu, maana kinasa sauti hunasa hata muungurumo wake. Nimelowa jasho chapachapa. Sijali. Wallahi nina furaha.

Kazi yangu ni kurekodi lugha za visiwa vya Pasifiki zinazokaribia kupotea. Mimi, mtoto wa Unguja niliyekulia Deira! Kuna kisiwa kimoja cha Vanuatu ambako lugha imebaki kwa wazee wachache. Kila niliyemuuliza hadithi ya kaa aliyeposa binti wa popo alinipa kipande, kisha akasema nzima anayo Bibi Leiwia. Naye kila nikienda namkosa.

Kumbe mkwewe, mume wa binti yake, ni mpishi wa hoteli hapa Al Rigga, na bibi amekuja kumwona mjukuu. Kesho anarudi kwao, na amesema baada ya hapo hapandi ndege tena maishani.

Basi asubuhi mkwe kamleta. Nikamwomba naye akae, anisaidie nikikwama kwenye lugha yao. Bibi akajifunika shali, akakodolea macho zulia. Kila nikiuliza, "Sijui." Nikadhani uzee umeshaifuta hadithi yote.

Mara mume wangu akarudi kutoka dukani. Mama yangu, aliyekuwa akipiga soga na kucheka pembeni, akavuta mtandio, akanyamaza, kama afanyavyo siku zote mkwewe akiingia.

Jamani, mimi mjinga wa mwisho!

Kule kisiwani mama mkwe hasimulii hadithi mbele ya mkwewe, seuze hii, ambayo mama popo anamsema kaa vibaya tangu mwanzo. Mila hiyo nimeiandikia sura nzima kwenye tasnifu yangu, halafu nikamkalisha mtu na mkwewe nikataka asimulie.

Nikamwambia yule kaka, "Yalla, nendeni na mume wangu mkanywe chai ya karak." Mlangoni akaninong'oneza: yeye hajawahi kuisikia mpaka mwisho, je, atapata rekodi?

Mlango haujafungwa sawasawa, bibi kavua shali, kanipiga paja, kaanza.

Nzima! Na kaa anavyotembea upande kwenda kuposa, na mama popo anavyomtukana akiwa kichwa chini miguu juu. Mama hakuelewa hata neno moja, lakini alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilikuwa nalia kwa sababu zangu.

Alipomaliza nikamweleza ombi la mkwewe. Nilijua namtia katika mtihani. Akafikiri, akajipepea kwa shali.

"Mpe mjukuu wangu," akasema. "Baba yake akiwa jikoni akasikia, mimi simo."

Kesho naituma. Na sauti nitaipandisha kidogo.