Tundu Katikati ya Jiwe la Mama Afande

Mama Wakesho, mke wangu,

Pokea salamu kutoka Katwe, huku ng'ambo ya mpaka. Mwili wangu hauna neno, ila roho imenichafuka wiki nzima, na hapa karakana ya mawe hakuna wa kumwambia maana wote wananicheka. Wewe na watoto hapo Voi mnaendeleaje? Kikohozi cha Wakesho kimepoa? Mama yangu bado anakataa kuvaa miwani yake?

Nimeharibu jiwe. Nakuandikia mapema usije ukayasikia kwa binamu yangu, ambaye unajua anavyotia chumvi.

Kuna mama mmoja, askari mstaafu, tunamwita Mama Afande, amejenga nyumba mtaa wa Bukoto. Kwa meza ya jikoni alitaka marumaru nyeupe. Nikakamulia ndimu kwenye kipande, nikakiacha, aliporudi akakuta doa limeshakula ule mng'aro. Akanuna, lakini akaelewa, akageukia graniti. Alikuja mara nne. Akayamwagia mawe maji, akayapapasa, akauliza likiwekewa sufuria iliyotoka motoni litapasuka au la. Mwisho akachagua bamba moja jeusi lenye mshipa mwekundu, rangi ya udongo wa kwetu. Lilikuwa moja tu, halina pacha.

Siku ya vipimo akanionyesha sehemu ya meza iliyoshushwa kidogo, akasema, "Fundi, hapa ndio pa kalo. Mama yangu amezeeka, asiiname."

Sasa wewe unajua nilivyo. Hapa r za wenyeji nyingi hugeuka l. Habari ni habali, bora ni bola, na mimi miaka mitatu hii nimezoea kuwanyooshea maneno kichwani kabla hawajamaliza kusema. Wakati mwingine nawasahihisha waziwazi, ndiyo maana wananiita Mwalimu. Basi nikasikia karo, pa kuoshea vyombo. Niliona ajabu kidogo, kwani karo jingine lilikuwa tayari dirishani, nikajiambia wenye nyumba kubwa hupenda kuwa nayo mawili. Nikatoboa tundu la duara, safi kabisa, nikasugua kingo zake mpaka zikalainika.

Tukalifunga jiwe. Mama Afande akaingia, akasimama.

"Hii shimo ni ya nini?"

"La karo, mama, kama ulivyosema."

"Mimi nilisema kalo."

"Ndiyo, karo."

"Kalo, Fundi. Ya kula."

Kalo ni ugali wa wimbi, mke wangu. Husongwa kwa nguvu, sufuria imewekwa mahali pagumu. Alitaka jiwe zima, mama yake asongee hapo akiwa amesimama. Miaka mitatu nawasahihisha watu, na siku mtu aliposema l iliyo l kweli, nikamsahihisha naye.

Bosi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mama akilikataa jiwe, nifunge mizigo nirudi Kenya. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia bosi, nikamkasirikia Mama Afande, hata jiwe lenyewe nililitazama kwa ubaya. Halafu nikakumbuka lile swali la Mama Afande la sufuria ya moto. Nani anaweka sufuria ya moto kwenye karo? Ningeuliza neno moja tu yangekwisha, wala sikuuliza.

Juzi Mama Afande akamleta mama yake aje aone hasara. Ajuza mfupi, hana maneno. Akatia mkono kwenye tundu, akauzungusha, kisha akaagiza sufuria ya kalo iliyokuwa motoni. Akaitumbukiza humo. Ule mdomo mpana wa sufuria ukashika kwenye ukingo wa jiwe, ikatulia. Akasonga kalo palepale kwa mikono miwili, na sufuria haikucheza hata kidogo. Akamwambia binti yake kitu kwa lugha yao. Mama Afande akanitafsiria bila kucheka.

"Anasema miaka yote alikuwa anashika sufuria na miguu. Anauliza, wewe ulijua namna gani?"

Jiwe limebaki, na mimi nimebaki kazini. Lakini sina raha, maana sikujua chochote. Sasa bosi anawaonyesha wateja picha anasema ni mtindo wake, na karakana nzima inaniita Fundi Kalo.

Nisalimie mama, umwambie miwani si aibu. Msalimie kaka yako wa umeme, na yule jirani yetu muuza maziwa, na dada yangu akishuka kutoka mlimani.

Kuna jambo moja limebaki. Mwaka jana kwenye simu ulianza kuniambia unachotaka kwa jiko letu. Nilikukatiza, nikakueleza uzuri wa graniti mpaka ukasema haya. Siku hizi zote nimejaribu kukumbuka ulikuwa unasema nini. Sikumbuki, kwa sababu sikusikia. Niandikie tena, wala usinifupishie. Sitalikata jiwe lolote la nyumba yetu kabla sijasoma.

Mumeo,
Baba Wakesho